Tule sikukuu, tusile pesa ya Januari

Wiki ya tatu ya Desemba inapoingia, masoko ya Dar es Salaam hubadilika. Tandale, malori ya mchele kutoka Mbeya, Morogoro na Shinyanga hushusha magunia tangu alfajiri. Shekilango, matenga ya kuku huwekwa juu ya matenga. Mabibo, mikungu ya ndizi hufika kwa wingi na kuondoka kwa haraka. Vingunguti, foleni ya wenye mabucha huanza kabla ya jua kuchomoza, na Feri kuna wanaotaka samaki mkubwa wa mezani hata kama wiki nzima iliyopita walikula dagaa. Kila muuzaji anajua jambo moja: mnunuzi wa tarehe 24 hana muda wa kuzunguka wala wa kupatana, na bei huifuata haraka yake.

Katika msongamano huo wamo wazazi vijana. Wameanza maisha juzijuzi, wamepanga chumba na sebule, wana mtoto mmoja au wawili, mshahara wa mmoja wao au kibanda cha biashara kinachowalisha wote. Desemba huwadai kila upande. Wazazi kijijini wanatarajia chochote, watoto wanataka nguo mpya, wageni wanapiga simu kuuliza njia ya kufika. Na nyuma ya Desemba ipo Januari. Serikali ilifuta ada katika shule za umma za msingi na sekondari hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na mkoba bado ni juu ya mzazi, na mwenye nyumba naye hajui habari za sikukuu.

Makala haya yanamhusu mzazi huyo. Anataka nyumba yake inukie pilau siku ya Krismasi, mtoto wake ale vizuri na mgeni asiondoke na njaa. Hayo yote yanawezekana kwa pesa ya kawaida, kwa sharti moja: aache kupigia hesabu siku moja, apigie hesabu siku zote za sikukuu.

Pesa inapotelea wapi

Ukiuliza familia iliyoishiwa mwanzoni mwa Januari, wengi watakutajia ile sinia ya tarehe 25. Ukikaa nao mkaandika kila kilichotumika, utaona kwamba pilau ilichukua sehemu ndogo. Pesa iliondoka kwenye siku zilizoizunguka. Jioni ya tarehe 23 watu wamechoka kwa usafi, ikanunuliwa chipsi. Tarehe 26 nyumba nzima imeamka saa nne, hakuna aliyepanga kifungua kinywa, mtoto akatumwa dukani kuleta mikate miwili na soda. Tarehe 28 ukatoka mwaliko wa ufukweni, wote wakala huko. Katikati ya hayo, sufuria ya wali wa juzi ikamwagwa kwa sababu imechacha. Bandu bandu huisha gogo, na gogo la familia changa ni dogo tangu mwanzo.

Tazama mfano. Sahani tatu za chipsi kuku za Sh8,000 ni Sh24,000. Ongeza soda nne za Sh1,000, jumla inakuwa Sh28,000, na nauli ya bajaji haijahesabiwa. Kiasi hicho, kama tutakavyoona, kinakaribia kulisha familia ya watu wanne nyumbani kwa siku mbili, kwa milo mitatu kila siku, nyama ikiwemo. Sisemi familia isitoke kabisa. Watoto wanastahili kuona bahari, na mama aliyepika wiki nzima anastahili kupikiwa. Ninachosema ni kwamba matembezi hayo yaandikwe kwenye daftari mapema kama kitu kimoja kilichokusudiwa, yasitokee mara tatu kwa sababu nyumbani hakuna kilichoandaliwa.

Kapu la siku kumi

Tuchukue familia ya baba, mama, mtoto wa miaka mitano na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Tuipangie chakula kuanzia Desemba 24 hadi Januari 2, siku kumi kamili. Bei nitakazotumia ni za mfano wa kufanyia hesabu. Wewe weka za soko lako, kwa kuwa Mwanza si Tanga na Tanga si Mbagala.

Kwanza vyakula vikavu na vya kuhifadhika: mchele kilo tano kwa Sh15,000, sembe kilo nne kwa Sh6,000, unga wa ngano kilo tatu kwa Sh6,000, maharage kilo mbili kwa Sh6,000, choroko kilo moja kwa Sh3,000, sukari kilo mbili kwa Sh6,000 na mafuta ya kupikia lita mbili kwa Sh12,000. Jumla Sh54,000.

Pili vyakula vinavyotokana na wanyama: nyama ya ng'ombe kilo mbili kwa Sh24,000, kuku mmoja wa kisasa kwa Sh10,000, dagaa nusu kilo kwa Sh6,000, trei moja ya mayai kwa Sh9,000 na maziwa lita tano kwa Sh12,000. Jumla Sh61,000.

Tatu vibichi na viungo: nazi sita kwa Sh6,000, viazi mviringo kilo nne kwa Sh6,000, nyanya, vitunguu, karoti na hoho kwa Sh12,000, mboga za majani za siku kumi kwa Sh5,000, matunda kwa Sh8,000, ndizi za kupika kwa Sh5,000 na viungo vya pilau kwa Sh3,000. Jumla Sh45,000.

Ukijumlisha yote unapata Sh160,000, yaani Sh16,000 kwa siku kwa watu wanne. Kapu hili lina pilau, kuku, mayai, maziwa na matunda, na mgeni mmoja au wawili wataingia bila kuliyumbisha. Familia yenye uwezo zaidi itaongeza kuku wa pili. Yenye uwezo mdogo itapunguza nyama hadi kilo moja, iongeze mikunde na dagaa, na sikukuu itabaki sikukuu.

Kundi la kwanza lisisubiri tarehe 24. Mchele, maharage, sukari na mafuta haviozi. Vinunuliwe mwanzoni mwa mwezi au hata Novemba, kidogo kidogo kila wiki. Majirani watatu au wanne wakichanga wakanunua gunia moja la mchele kwa bei ya jumla na kugawana kwa mizani, kila mmoja atalipa pungufu ya anayenunua kilo mojamoja dukani. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyojaa mitaani vinafanya kazi nzuri hapa. Vipo vinavyotenga mfuko wa vyakula vya sikukuu, na mwanachama hupokea mchele, mafuta na sukari badala ya noti ambazo zingepotea njiani.

Nyama kidogo, ladha nyingi

Mpishi mzuri wa pilau anajua kwamba ladha yake haitoki kwenye wingi wa nyama. Inatoka kwenye supu, kitunguu na viungo. Kwa watu wanne na wageni watatu, kilo moja ya mchele na robo tatu ya nyama vinatosha kabisa, ukiongeza viazi vinne au vitano.

Katakata nyama vipande vidogo, ichemshe na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi hadi ilainike, na supu yake usiimwage hata tone. Kaanga vitunguu vitatu vikubwa kwa moto wa wastani, bila haraka, hadi viwe vya kahawia iliyokolea bila kuungua. Hapo ndipo rangi ya pilau inapotoka. Tia kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, kisha bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu chache na pilipili manga. Viungo vizima ukivikaanga kidogo na kuvitwanga mwenyewe vitanukia kuliko vya pakiti vilivyokaa dukani, na vitahitajika vichache. Tia nyama na viazi, geuza, mimina supu, ikichemka weka mchele uliooshwa na kuchujwa. Maji yakikaribia kukauka punguza moto, funika vizuri, na kama una jiko la mkaa weka makaa machache juu ya mfuniko.

Kachumbari ya nyanya, kitunguu na ndimu inakamilisha sahani. Ukiongeza bakuli la maharage ya nazi pembeni, hakuna atakayehesabu vipande vya nyama.

Nyama yenyewe ichaguliwe kwa kazi yake. Steki ni ghali, na kwenye pilau au mchuzi haina faida kubwa kuliko nyama ya mchanganyiko yenye mfupa, ambayo hutoa supu nzito. Kwa kuku ni hivyohivyo. Kuku wa kienyeji ni mtamu, lakini Desemba bei yake hupanda sana. Kuku wa mayai aliyemaliza kutaga huuzwa kwa bei nafuu zaidi. Nyama yake ni ngumu, inahitaji kuchemshwa muda mrefu, ila supu yake ni ya kumsifu mpishi. Ukiwa na sufuria ya presha, huyo ndiye kuku wako.

Na kuku mmoja ni milo miwili. Mapaja na kidari vitoke siku ya Mwaka Mpya kama kuku wa kupaka wa watu wa pwani: anachomwa au kubanikwa, kisha anaingizwa kwenye mchuzi mzito wa tui lenye tangawizi, kitunguu saumu, bizari na ndimu, analiwa na wali wa nazi. Shingo, mgongo, mabawa, firigisi na miguu vibaki kwa supu ya Januari 2, siku ambayo watu wamechoka vyakula vizito na tumbo linataka kitu chepesi.

Sufuria moja kwa baba na mtoto

Familia nyingi changa hupika mara mbili: chakula cha wakubwa na chakula cha mtoto. Hiyo ni gesi mara mbili, muda mara mbili na mama kusimama jikoni siku nzima. Mapishi yetu wenyewe yana jibu, na la kwanza ni mtori.

Wachagga wamempikia mzazi aliyejifungua mtori tangu zamani, nao wanajua sababu. Ndizi zilizomenywa huchemshwa pamoja na nyama yenye mfupa, kitunguu, karoti na nyanya kidogo hadi zilainike kabisa. Nyama hutolewa, ndizi hupondwa kwa mwiko hadi ziwe uji mzito, kisha nyama hurudishwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu atakula bakuli lake kwa kijiko, nyama ikiwa imechambuliwa nyuzinyuzi. Wa miaka mitano atakula lake na kipande cha parachichi. Baba ataongeza pilipili pembeni. Nusu kilo ya nyama imewalisha wote. Kwa wale ambao mwaka huu nauli ya Moshi imewashinda na wanabaki mjini, sufuria ya mtori tarehe 27 itawapa watoto ladha ya kwa babu na bibi.

Kanuni ni moja kwa kila chakula: fungu la mtoto mdogo litolewe kabla ya pilipili na kabla ya chumvi kukolezwa. Maharage ya nazi yakipondwa ni chakula chake. Dagaa waliotolewa vichwa, wakaoshwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa huwa unga unaonyunyizwa kwenye uji, mtori au wali. Yai moja kwa siku halihitaji mapishi zaidi ya kuchemshwa. Karanga zitwangwe au zisagwe. Karanga nzima zinaweza kumkaba mtoto mdogo, na siku za sikukuu, sahani za karanga zikiwa zimetapakaa mezani, ndizo za kuwa macho zaidi. Asali isimguse mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Na kwa anayenyonya, maziwa ya mama yanaendelea kama kawaida hata nyumba ikijaa wageni.

Nasisitiza hili kwa sababu ni zito. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na mkoa wa Iringa, unaolisha miji mingi kwa mahindi, viazi na nyanya, uliongoza kwa zaidi ya nusu ya watoto wake. Chakula kipo, mchanganyiko kwenye sahani ya mtoto ndio unaokosekana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku angalau makundi matano kati ya manane: maziwa ya mama, nafaka na mizizi, mikunde na karanga, maziwa ya wanyama, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyingine. Ukiacha maziwa ya mama, kapu letu la Sh160,000 linayafikia yote. Soda na biskuti ambazo mtoto hupewa na kila mgeni anayeingia hazimo katika kundi hata moja kati ya hayo, na zinamshibisha asile chakula.

Mikunde, nazi na matunda ya msimu

Katikati ya siku za nyama ziwepo siku za mikunde, na ziandaliwe kwa heshima ileile. Maharage yalowekwe tangu usiku. Asubuhi maji yale yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya. Yaliyolowekwa huiva upesi zaidi na hupunguza kero ya tumbo kujaa gesi. Nusu kilo ya maharage makavu huwa zaidi ya kilo moja yakiiva. Yaunge kwa kitunguu, nyanya, karoti na tui la nazi moja: tui jepesi litangulie kuchemka na mboga, tui zito liingie mwishoni na moto upunguzwe lisikatike. Choroko za nazi na wali, usiku wa tarehe 24, ni chakula chepesi cha kusubiri mkesha.

Ugali nao usifukuzwe mezani kwa sababu ni sikukuu. Tarehe 28, baada ya siku tatu za mafuta na viungo, ugali wa moto, dagaa waliokaangwa na nyanya nyingi, na mchicha au matembele, vitaliwa kwa hamu kubwa kuliko pilau ya kupasha.

Desemba pia ni mwezi wa maembe na mananasi. Maembe yamejaa kila kona na mananasi ya Kiwangwa, Bagamoyo, yanateremshwa kwa wingi. Tunda la msimu ndilo rahisi kwa bei na bora kwa utamu. Embe tatu zilizoiva, maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, na ndimu moja vinajaza jagi la nyumba nzima bila sukari kuongezwa. Maganda ya nanasi lililooshwa vizuri yakichemshwa na tangawizi hutoa kinywaji kizuri kikipoa. Robo kilo ya ukwaju uliolowekwa na kuchujwa hutoa lita kadhaa za juisi. Kreti ya soda ikipungua mpaka chupa mbili tatu za kumfurahisha mtoto siku ya Krismasi, pesa iliyobaki inatosha kununua trei ya mayai.

Kifungua kinywa nacho kipikwe nyumbani. Nusu kilo ya unga wa ngano, sukari kiasi, iliki, hamira na tui la nazi hutoa maandazi ya kutosha familia na wageni wa asubuhi. Unga ukandwe usiku, uumuke taratibu mahali penye ubaridi, asubuhi ubaki kukatwa na kukaangwa. Mchele uliovunjika, ule unaoitwa chenga, huuzwa kwa bei ya chini, na ukilowekwa usiku kucha na kusagwa hutoa vitumbua visivyotofautiana na vya mchele mzima.

Katika hivyo vyote, itengwe sahani ya jirani. Desturi yetu ya kupelekeana chakula, Wakristo kwa Waislamu siku ya Krismasi na Waislamu kwa Wakristo siku ya Idi, haidai sinia kubwa. Maandazi sita yaliyofunikwa kwa kitambaa safi yanatosha kusema kwamba tumekumbukana.

Moto nao una bei

Bajeti nyingi za sikukuu husahau nishati. Mtungi wa gesi wa kilo sita ukiisha saa nne asubuhi ya Krismasi, familia hununua mkaa kwa bei yoyote itakayotajwa. Mtungi ukaguliwe wiki moja kabla. Ukiutikisa na kuuona mwepesi, tenga pesa ya kuujaza mapema.

Kuloweka mikunde, kukata nyama vipande vidogo, kufunika sufuria na kupika maharage ya siku mbili kwa mara moja ni njia zinazopunguza gesi bila kukupotezea ladha. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na tangu hapo majiko ya presha ya umeme yamezidi kuzungumzwa. Maharage yaliyolowekwa hupikwa kwenye jiko hilo kwa chini ya uniti moja ya umeme. Kwa mteja wa nyumbani anayenunua uniti kwa takriban Sh356, sufuria nzima ya maharage itagharimu pungufu ya bei ya soda. Jiko lenyewe si bei rahisi kwa wanaoanza maisha, lakini wenzi wanaotafuta cha kununuliana mwisho wa mwaka wana sababu ya kulifikiria.

Kiporo salama

Chakula kilichomwagwa ni pesa iliyomwagwa, lakini kiporo kilichohifadhiwa vibaya kinaweza kukupeleka hospitali, na gharama ya huko inaizidi sikukuu nzima. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida la chumba. Dar es Salaam ya Desemba, yenye joto na unyevu, haina huruma na mtu anayeacha sufuria ya wali juu ya jiko hadi kesho. Bakteria wa wali wana mbegu zinazostahimili kuchemshwa, na sumu waliyokwisha kuitoa haiondoki kwa kupasha.

Mwenye friji atoe kiporo kwenye sufuria kubwa, akigawe katika vyombo vidogo vyenye mifuniko ili kipoe haraka, akiingize mapema, na wakati wa kula apashe fungu analohitaji mpaka lichemke. Nyama mbichi ikae chini ya chakula kilichoiva, isidondoshe maji yake. Asiye na friji apike kiasi cha kuliwa na kuisha, anunue nyama siku ya kuipika, na siku nyingine ategemee mayai, dagaa na mikunde. Kilo mbili za nyama si lazima zinunuliwe siku moja. Robo tatu tarehe 25 asubuhi, nusu tarehe 27 kwa mtori, nusu nyingine tarehe 30 kwa mchuzi wa viazi, na robo inayosalia ikatwe vipande vidogo kuungia mboga.

Kazi ya nyumba nzima

Jambo la mwisho halinunuliwi sokoni. Sikukuu ya bei nafuu inapikwa nyumbani, na kama kazi yote itamwangukia mama mwenye mtoto mgongoni, atachoka ifikapo tarehe 26 na chipsi zitarudi mlangoni. Mpango huu utasimama ikiwa baba ataingia jikoni. Aende yeye Tandale kununua mchele, akune nazi, amenye ndizi, abanike kuku, aoshe vyombo usiku. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuchambua maharage na kuchuma majani ya mchicha, na atajifunza thamani ya chakula mapema kuliko wenzake. Wageni pia wana nafasi: shangazi anayekuja na watoto watatu hatachukia kuombwa aje na nazi mbili au kilo ya unga, kama ataombwa kwa adabu kabla hajaanza safari.

Wazazi vijana, kaeni wawili kabla ya Desemba 20, mkiwa na daftari na kalamu. Tengeni kwanza pesa ya sare, madaftari na kodi, muiweke mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi. Kisha andikeni milo ya siku zote kumi, mwandike na idadi ya wageni mnaowatarajia, ndipo muende sokoni. Atakayewaambia kwamba sikukuu bila kukopa si sikukuu hatakuwepo siku mtoto anaporipoti shuleni. Mtakuwepo ninyi, mpangieni mtoto huyo kuanzia leo.